Nyoka ni wa mwanangu, panya ni wangu

Hapa Uingereza ni marufuku kumuuzia mtoto aliye chini ya miaka 16 mnyama. Sheria ya ustawi wa wanyama ya mwaka 2006 inakwenda mbali zaidi: mtoto wa umri huo akiwa na mnyama, anayewajibika mbele ya sheria ni mzazi au mlezi wake. Kwa hiyo tulipokwenda dukani hapa Leicester kumchukua nyoka, aliyechagua ni mwanangu lakini aliyetia saini ni mimi. Njia nzima alikuwa akiniahidi kwamba atamlisha mwenyewe, atamsafishia mwenyewe, mimi sitasumbuka na chochote. Alikuwa akisema kutoka moyoni. Ila alikuwa na miaka tisa, na nyoka wa aina ile akitunzwa vizuri huishi miaka 15 hadi 20. Pale pale kaunta nilipiga hesabu: huyu mtoto atamaliza shule, atahama nyumbani, na nyoka bado atakuwa anataka kula.

Tuliishia kwa nyoka kwa sababu binti yangu mdogo ana pumu, na manyoya ya paka au mbwa humbana kifua. Kaka yake alikwenda maktaba akarudi na hoja ambayo sikuweza kuipangua: nyoka hana manyoya. Tukamwita Karoti kwa ajili ya rangi yake. Ni nyoka wa mahindi, jamii isiyo na sumu inayotoka kusini-mashariki mwa Marekani, na akikomaa hufika mita moja na nusu hivi.

Watu wakisikia habari hizi hudhani kilichonipa shida ni nyoka. Hapana. Mimi nimezaliwa Kisesa, nje kidogo ya mji wa Mwanza, jirani kabisa na Bujora yalipo makumbusho ya Wasukuma. Msimu wa Bulabo, sikukuu ya ngoma za Wasukuma, mwezi wa sita, vyama viwili vya wachezaji, Bagika na Bagalu, viliposhindana kwa ngoma, sisi watoto tulisukumana mpaka mbele tuwaone Wayeye wakicheza na chatu mabegani. Wayeye ni chama cha wataalamu wa nyoka, watu wanaojua kuwakamata na wanaojua dawa za walioumwa. Nilikua nikijua kwamba nyoka si wa kuchezewa na asiyejua, na kwamba anayejua anamshika bila makuu. Karoti alipokuja alikuwa na unene wa penseli. Hakunitisha.

Kilichonitesa ni panya. Kwetu panya ni mwizi wa mpunga. Anatoboa magunia, anaingia kwenye nguo, anakojolea unga, na akiuawa hubebwa kwa koleo na kutupwa mbali huku watoto wakikatazwa kumkaribia. Sasa nilitakiwa nimnunue kwa pesa yangu, nimhifadhi, nimpashe joto, nimwandalie nyoka wa mwanangu kana kwamba ni chakula cha mgeni.

Pakiti ya kwanza ilikuwa ya vichanga. Nyoka mdogo huanza na panya waliozaliwa siku hiyo au jana yake, kichanga kimoja kila baada ya siku tano hadi saba, na huuzwa wakiwa wamegandishwa. Kimoja kina ukubwa wa pingili ya kidole. Ngozi yake ni ya waridi na inapenyeza mwanga, macho ni nukta mbili nyeusi chini ya ngozi ambayo haijafunguka. Nilipokiyeyusha na kukigeuza ubavu, niliona tumboni doa jeupe. Ilinichukua muda kuelewa kwamba ni maziwa. Kilikuwa kimenyonya kabla ya kufa. Nimezaa watoto wawili, nimekaa usiku nikitazama maziwa yakiwashuka kooni, na lile doa lilinigusa mahali ambapo panya mzima, hata anuke vipi, hajawahi kunigusa.

Nililisha. Nikaenda bafuni, nikakaa ukingoni mwa beseni mpaka kichefuchefu kikapita.

Huko kazini mimi si mtu wa kinyaa. Nafanya kazi kwenye nyumba ya kulelea wazee; nimesafisha kila kinachotoka mwilini mwa binadamu, na nimekula chakula changu cha mchana nusu saa baadaye bila taabu. Nilijiuliza kwa nini kule naweza na nyumbani siwezi. Jibu nililipata kwa kukumbuka wiki zangu za kwanza kazini, na dada mmoja wa Kighana aliyenifundisha. Alikuwa akinirudishia neno moja: andaa kila kitu kabla hujagusa chochote. Glavu, mfuko umefunguliwa tayari, vitambaa vimekunjwa, mlango umefungwa. Kinyaa humkamata mtu pale anapohangaika, mkono mmoja umeshika uchafu na mwingine unatafuta taulo. Aliyejipanga mikono yake ina kazi, na akili huifuata mikono.

Hivyo ndivyo nilivyoanza kumlisha Karoti kwa utaratibu wa kazini, na ninaueleza hapa kwa kirefu kwa sababu mzazi mwenye shida kama yangu atahitaji hasa sehemu hii.

La kwanza lilikuwa kuwatoa panya jikoni. Wiki za mwanzo pakiti ilikaa kwenye friza letu, ndani ya boksi lenye mfuniko, chini ya sangara na mbaazi. Nilikuwa nikifungua friza kutafuta samaki na tumbo linakaza. Na si suala la hisia tu. Panya hawa wanaweza kubeba bakteria wa salmonela, na kugandishwa hakuwaui. Mamlaka za afya za hapa na za Marekani zote zinashauri wawekwe mbali na chakula cha watu, na wasiyeyushwe kwenye maikrowevu ya chakula cha watu. Tukanunua friza dogo lililotumika, tukaliweka gereji. Kuna ndoo moja ndogo, koleo moja refu la chuma la kumshikia panya, taulo za karatasi, glavu na mfuko wa taka. Vyote ni vya kazi hiyo tu, havivuki mlango wa jikoni.

Panya hutoka kwenye friza asubuhi, anakaa kwenye boksi lililofungwa. Jioni akiwa ameshayeyuka kabisa, anawekwa kwenye mfuko wa plastiki uliofungwa vizuri, na mfuko unazamishwa kwenye maji ya moto ya bomba. Ya bomba, si ya birika. Maji yanayochemka humpika juu huku ndani bado ni barafu, na ngozi ya tumbo hupasuka. Anayetaka kujua harufu ya jambo hilo nitamwambia tu kwamba inakaa kwenye pazia. Panya akifikia joto la mwili, karibu nyuzi 37, yuko tayari. Hapo ndipo harufu inapokuwa kali kuliko wakati wote, kwa sababu harufu hiyo ndiyo inayomwita nyoka. Napumua kwa mdomo. Namkausha kwa karatasi, kwa sababu panya mwenye unyevu hunasa maranda ya mbao yaliyotandikwa kwenye tanki la kioo anamoishi Karoti, na maranda hayo hayafai kuingia tumboni mwa nyoka. Kisha namshika kwa koleo kwenye kiuno, kichwa kikielekea mbele, nampeleka juu ya kipande cha kigae tulichokiweka pale kwa kazi hiyo.

Karoti hutoa ulimi mara mbili tatu. Kisha anapiga.

Sehemu hiyo hainisumbui tena. Ni ya haraka. Kilichonichukua muda mrefu ni kumeza. Anatafuta kichwa cha panya kwanza, anatoatoa ulimi huku na huku, halafu taya zinaanza kutembea. Mifupa miwili ya taya la chini haikuungana mbele kama yetu. Imeshikwa na kano zinazonyumbuka, kwa hiyo upande wa kulia unasogea, unashika, kisha wa kushoto unasogea, unashika. Kichwa chake chote kinabadilika sura. Ngozi ya shingo inavutika mpaka magamba yanaachana na unaona nyeupe katikati yake. Mara ya kwanza nilidhani anakufa. Mwanangu, aliyekuwa ameshasoma vitabu vyote, alinionyesha kitundu kidogo kilichojitokeza chini, mbele ya mdomo: "Mama, tazama, hapo ndipo anapopumulia. Anakisogeza nje ili asikose hewa." Tangu siku hiyo macho yangu huenda kwenye kitundu kile. Kukiona kinafunguka na kufunga kulinisaidia kuliko maneno yote ya kunitia moyo. Mkia wa panya ndio unaobaki mwisho, na bado siupendi. Mara nyingi nakuwa nimeshageuka kunawa mikono.

Rafiki yangu mmoja wa Dar aliniambia kwenye simu kwamba najitesa bure. Kwa nini nisinunue panya hai, nimtupie, nifunge mfuniko, nisishike maiti? Porini si ndivyo anavyokula? Nililifikiria kwa dhati, maana lingeniondolea ndoo na mfuko. Lakini porini panya ana pa kukimbilia na nyoka ana pa kukwepea. Kwenye tanki la kioo wote wawili wamefungiwa. Panya mwenye hofu huuma, na nyoka wengi wa kufugwa wameumizwa vibaya na mlo wao wenyewe, hasa wakiwa hawana njaa siku hiyo. RSPCA, chama kikongwe cha kutetea wanyama hapa Uingereza, kinashauri nyoka walishwe mawindo yaliyokufa. Ni kweli nyoka wanaoua kwa kubana, kama Karoti, huua upesi. Utafiti wa Wamarekani uliochapishwa mwaka 2015 ulionyesha kwamba boa, nyoka mkubwa wa jamii hiyo ya wanaobana, akibana windo kinachokatika kwanza ni mzunguko wa damu, ndani ya sekunde chache, wala si pumzi kama ilivyoaminika zamani. Lakini kabla ya sekunde hizo kuna dakika za panya kujibanza pembeni mwa kioo, na dakika hizo mimi sizitaki nyumbani kwangu, mbele ya watoto wangu. Kinyaa changu ni mzigo wangu. Si haki kumtwika panya mzigo huo.

Binti yangu ndiye aliyeuliza swali gumu kuliko yote. Alikuwa amesimama mlangoni mwa gereji, na darasani kwao walikuwa na hamsta wanayempenda sana. Akauliza, "Mama, walimuua vipi?" Nilikuwa na majibu mepesi mdomoni: kwamba alikufa usingizini, kwamba alikuwa mzee. Kichanga kile kiwe mzee? Nikamwambia wanazaliwa kwenye mashamba ya panya kwa ajili ya chakula cha wanyama, na huwekwa kwenye gesi ya kaboni dioksidi mpaka wafe. Akauliza kama inauma. Nikamwambia wataalamu bado wanabishana inawasumbua kiasi gani, na kwamba mimi natumaini ni kidogo. Alilia. Nilimwacha alie, nikakaa naye sakafuni. Baadaye akauliza kama kuku wetu wa Jumapili naye huwekwa kwenye gesi. Nikamwambia kuku wengi hapa ndivyo wanavyouawa, ndiyo. Hakula kuku kwa muda, na sikumlazimisha.

Sikubaliani na wazazi wanaomlisha nyoka usiku wa manane ili watoto wasione. Wala sikubaliani na wale wanaowaita watoto wa mtaa waje kutazama, simu zikiwa juu, watu wakishangilia panya anapovutwa. Pale kwetu mlango wa chumba uko wazi. Anayetaka kuwepo yupo, asiyetaka anaendelea na mambo yake, na anayekuwepo hapigi kelele. Kuna mnyama aliyekufa ili mwingine aishi.

Mama yangu alipokuja kututembelea kutoka Kisesa, niliogopa atasema nini. Alikaa mbele ya tanki muda mrefu, mikono mapajani. Kisha akaniuliza anakula nini, nikampeleka gereji nikamfungulia friza. Alitazama zile pakiti, kila moja na bei yake.

"Mnanunua panya?"

"Ndiyo mama."

"Kwa pesa?"

Mwanangu akaingilia kumweleza bibi yake kwamba nyoka wa aina hii, kwao Marekani, hupatikana mashambani na kwenye maghala ya mahindi, wakifuata panya. Mama alimgeukia Karoti kwa jicho jipya kabisa. "Basi huyu ni wa kwetu," akasema. "Huyu angekuwepo ule mwaka panya walipotumalizia mpunga, baba yenu mkubwa asingeuza ng'ombe." Kuanzia hapo alikuwa akiuliza kila jioni kama ameshiba. Kunisaidia na ndoo alikataa kabisa.

Si wageni wote waliomwona hivyo. Kwetu mtu akisikika anafuga nyoka ndani, wapo wanaowaza ushirikina, nyoka wa kumletea mtu mali. Kuna waliopunguza kuja. Sikuwafuata kujitetea, aliyeuliza nilimfungulia mlango akaona tanki, mkeka wa joto na daftari la mwanangu la tarehe za kula.

Daftari hilo lilitusaidia kwenye tukio baya kuliko yote. Usiku mmoja wa baridi kali themostati ya tanki ilikufa. Nyoka hatengenezi joto lake mwenyewe. Bila upande wa tanki wenye nyuzi 28 hadi 32 hawezi kusaga alichomeza, nacho huanza kuoza tumboni. Karoti alikuwa amekula siku mbili kabla. Asubuhi harufu ilitupokea kwenye ngazi. Alikuwa amemtapika panya mzima. Panya yule alikuwa amerefuka, rangi ya kijivu, manyoya yanateleza juu ya nyama, na kando yake maji ya kahawia yameingia kwenye maranda. Mwanangu alifika mlangoni naye akatapika.

Nilimkalisha bafuni na kitambaa cha maji usoni, nikarudi. Aproni, glavu mbili juu ya nyingine, mifuko miwili imefunguliwa, dirisha wazi. Nilikuwa nikijisemea kwa sauti kila ninachofanya, kama tunavyofanya kazini ili mzee asishtuke: sasa natoa maranda, sasa nafuta kioo. Karoti alihamishiwa kwenye boksi lenye chupa ya maji ya uvuguvugu iliyofungwa kwa taulo mpaka themostati nyingine ilipopatikana. Daktari wa wanyama alitazama daftari, akasema tusimlishe kwa wiki mbili, maana asidi inapopanda hubabua koo, kisha tuanze na panya mdogo kuliko aliowazoea. Zile wiki mbili mwanangu alidhani atakufa kwa njaa. Hakufa. Nyoka mzima wa aina hii hula mara moja tu kila siku 10 hadi 14, na akiwa anakaribia kujivua gamba, macho yakigeuka ya kibuluu, mara nyingi hukataa chakula mwenyewe. Panya aliyekataliwa namtoa asubuhi, namfunga, namtupa. Harudi kwenye friza.

Kinyesi sitakizungumzia sana. Huja siku chache baada ya mlo, cheusi na cheupe kama chaki, na kikitolewa siku ile ile hakina shida.

Baada ya kile kisa cha kutapika mwanangu aliomba mwenyewe kuanza kushika koleo. Sikumpa kazi yote kwa mkupuo. Alianza kwa kupima joto la panya, kisha kukausha, kisha kulisha nikiwa nyuma yake. Siku nyingine alisema, "Leo siwezi, Mama," nikamjibu, "Sawa baba, kanawe mikono," nikamalizia mimi bila maneno zaidi. Sasa ni kijana mwenye sauti nzito, na milo mingi anailisha yeye. Kuagiza pakiti na kusafisha friza kumebaki kwangu, na mikono inanawiwa kwa sabuni hata kama glavu zilivaliwa. Hilo halina mjadala na binti yangu ndiye polisi wake.

Desemba hii tunakwenda Kisesa. Jirani yetu, mama wa makamo anayeishi peke yake, amekubali kumwangalia Karoti, na uso wake ulipobadilika nilijua anawaza panya. Nilimtuliza. Nyoka aliyekomaa anavumilia wiki hizo bila kula, kwa hiyo tutamlisha siku nne kabla ya safari ili asage vizuri tukiwa bado tupo. Jirani kazi yake ni kubadilisha maji na kuangalia namba kwenye kipimajoto. Nimemwandikia namba hizo kwenye karatasi, pamoja na simu ya daktari wa wanyama. Gereji hahitaji kuifungua.